Kiraka cha jelikoti kimekataa rangi ya boti: dalili, sababu na mahali pa kuachia

"Nilinunua nyeupe, boti ni nyeupe, lakini kiraka kinaonekana tangu ng'ambo ya hori." Malalamiko ya viraka vya jelikoti, lile tabaka la nje lenye rangi la boti ya faiba, huanza hivyo, na anayelalamika karibu kila mara ameshaamua kwamba kosa liko kwenye kuchanganya rangi. Ameongeza manjano, ameongeza nyeusi, kopo limejaa na kiraka bado hakikubali. Mara nyingi pigmenti (rangi nzito ya kukolezea jelikoti) haina kosa. Kosa ni boti ambayo haikusafishwa kabla ya kulinganisha, au jelikoti iliyopakwa nyembamba, au hadina (dawa ya kukausha jelikoti) iliyomiminwa kwa macho. Ndiyo maana katika dalili nyingi hapa chini pigmenti inakaguliwa mwisho.

Tunazungumzia viraka vidogo: mkwaruzo wa gati, kishimo cha nanga iliyoanguka sitahani, kona ya kifuniko iliyomeguka. Kitu cha ukubwa wa kiganja au chini yake, kwenye boti ya faiba ya poliesta kama hizi za uvuvi na za watalii zinazolala Mtwapa, Watamu, Nungwi au Msasani.

Kwanza: je, hiyo ni jelikoti kweli?

Boti nyingi za umri mkubwa zimeshapakwa rangi juu ya jelikoti. Tazama ukingo wa mahali palipomeguka. Jelikoti ni tabaka moja lenye rangi ileile hadi ndani, unene wa karibu nusu milimita, na chini yake nyuzi za faiba zinaanza. Ukiona ngozi nyembamba ya rangi moja, kisha rangi nyingine chini, hiyo ni boti iliyopakwa. Chovya kitambaa cheupe kwenye asetoni, sugua mahali pa siri. Rangi ya kopo moja italainika na kuachia kitambaani. Rangi ya kopo mbili haitaachia, kwa hiyo usitegemee kitambaa peke yake. Ukingo ndio shahidi. Kama ni rangi, jelikoti siyo dawa yake. Haishiki vizuri juu ya rangi, na mng'ao wake hautafanana hata ukipata weupe uleule. Tafuta rangi ya aina hiyohiyo.

Hatari tatu kabla ya kufungua kopo

Hadina ya jelikoti ni peroksaidi. Tone moja likiruka jichoni linaweza kupofusha. Vaa miwani ya kazi, siyo ya jua. Likiingia, mwagia maji safi mfululizo kwa dakika 15 bila kusita, kisha hospitali hata kama maumivu yamepoa.

Ukinunua rezini ambayo akselereta (kichocheo cha kukauka) yake inauzwa kando, yaani kile kimiminika cha zambarau cha kobalti, usikikutanishe kamwe na hadina moja kwa moja, si kwa kijiko kimoja wala kopo moja. Vikikutana vyenyewe hulipuka. Kobalti inakorogwa kwenye rezini kwanza hadi ipotee kabisa, ndipo hadina ifuate. Jelikoti nyingi za kopo huja na akselereta ndani tayari. Soma kibandiko kabla ya kuongeza chochote.

Asetoni, na stirini iliyomo ndani ya jelikoti, hushika moto kwa urahisi na mvuke wake ni mzito. Usifanyie kazi ndani ya kabini iliyofungwa, wala karibu na tangi la petroli, wala na mtu anayevuta sigara pembeni anayekupa ushauri.

Dalili ya 1: Kiraka ni cheupe kuliko boti

Hii ndiyo inayoripotiwa kuliko zote.

*Sababu ya kwanza: ulilinganisha na uchafu.* Jelikoti ya zamani ina ngozi iliyopauka kwa jua, juu yake chumvi, mafuta ya mashine, nta ya mwaka juzi. Boti zinazolala kwenye hori lenye mikoko hupata pia ule weusi wa kahawia karibu na mstari wa maji, na chini ya kila skrubu kuna mchirizi wa kutu. Ukikoroga rangi hadi ifanane na hayo yote, umetengeneza rangi ya uchafu, na siku boti itakapooshwa vizuri kiraka ndicho kitakachobaki kichafu. Ukikoroga rangi safi, kiraka kinang'aa peke yake.

Kipimo ni chepesi. Osha kwa maji baridi yasiyo ya chumvi na sabuni, kausha, futa kwa kitambaa chenye asetoni kidogo kuondoa nta. Kisha chukua kampaundi ya rabingi (dawa ya kusugulia na kung'arisha), sugua sehemu ya ukubwa wa kiganja kandokando ya kidonda. Simama hatua mbili nyuma. Ukiona duara linalotofautiana na boti nyingine, ulikuwa hujaiona rangi ya boti yako hadi sasa. Madoa ya mikoko na ya kutu hayatoki kwa kampaundi. Yanatoka kwa asidi ya oksaliki (vaa glavu, suuza sana), na kwa doa dogo la kutu hata ndimu hufanya kazi ukiwa na subira.

Hapo inabidi uamue jambo moja kabla ya kukoroga: utang'arisha ubavu mzima, au kiraka peke yake? Kama ni ubavu mzima, linganisha na ile sehemu uliyoisugua. Kama huna nia ya kusugua boti yote, ng'arisha walau hadi mahali ambapo jicho linasimama lenyewe, kama kona, ukanda wa mpira wa ubavuni au mstari wa rangi. Ukiishia katikati ya ubavu, hata bila jelikoti mpya utakuwa umetengeneza kiraka cha mng'ao.

*Sababu ya pili: nyeupe ya kopo.* Nyeupe zinazouzwa zimepewa namba za RAL, mfumo wa kuzitaja rangi kwa namba: 9010, 9016, 9003 na kadhalika. Ziweke pamoja kwenye kipande cha ubao uone: 9016 ni baridi, 9010 ina joto kidogo. Boti iliyopigwa jua la pwani miaka kumi haibaki kwenye namba yoyote kati ya hizo. Imeelekea krimu. Anza na nyeupe iliyo karibu zaidi, kisha ongeza manjano ya udongo, ile iliyokufa kidogo isiyong'aa, halafu nyeusi au kahawia kwa chembe. Nyeupe nyingi za boti kuukuu zinapatikana kwa hizo tu.

*Sababu ya tatu: sampuli isiyo sahihi.* Watu wengine hung'oa kifaa fulani, tuseme kikingio cha kamba, wakaona chini yake rangi nzuri isiyoguswa na jua, wakaipeleka dukani ilinganishwe. Inalinganishwa sawasawa, na kiraka kinakataa, kwa sababu hiyo ndiyo rangi ambayo boti ilikuwa nayo ilipotoka kiwandani. Chini ya kifaa panakufaa kwa kujua boti ilianzia nyeupe gani. Cha kupeleka dukani ni kifuniko cha sehemu ya stoo au kitu chochote kinachofunguka, upande wake wa juu, baada ya kuusugua kwa kampaundi.

Dalili ya 2: Ilikubali ikiwa mbichi, ilipokauka ikabadilika

*Hujamaliza kung'arisha.* Kiraka kilichoishia msasa namba 400 au 600 huonekana cha weupe wa vumbi, na kwenye buluu au nyekundu tofauti ni kubwa sana. Kabla ya kulaumu rangi, kilowanishe kwa maji. Kikikubali kikiwa na maji, rangi iko sawa na kazi iliyobaki ni ya mkono: 800, 1000, 1500 kwa maji, halafu kampaundi. Watu wameng'oa viraka vizuri kwa sababu ya kuruka kipimo hiki cha nusu dakika.

*Ulihukumu kwenye kopo.* Ndani ya kopo unaangalia kina cha sentimita mbili, na macho yanaona kivuli cha kopo lenyewe. Njia ya kuaminika ni hii: pakaza nta mahali safi palipong'arishwa kandokando ya kidonda. Dondosha tone la rangi isiyo na hadina, ulifunike kwa kipande cha plastiki angavu, bonyeza hadi lienee kama sarafu. Plastiki inalipatia tone mng'ao kama wa jelikoti iliyopigwa polishi, na rangi ya boti iko hapohapo pembeni. Angalia, futa, rekebisha kopo, rudia.

Tone likikubali, usikimbilie kidonda bado. Chota gramu 20, uzitie hadina kwa kipimo kilekile utakachotumia, upake unene uleule kwenye kipande cha faiba kilichotupwa au hapohapo juu ya nta, ukifunike, kikauke. Kisugue, king'arishe, ndipo ulinganishe. Kile kipande cha sampuli kilichokauka na kung'aa ndicho pekee chenye haki ya kusema rangi imepatikana. Kiandike nyuma: nyeupe gani, gramu ngapi, pigmenti gani na kiasi gani, hadina asilimia ngapi.

*Tabaka ni jembamba.* Jelikoti nyembamba inapitisha mwanga, na kinachoonekana ni rangi ya kilicho chini: fila (kijazio cha kidonda) ya kijivu, faiba ya kijani-manjano. Chora mstari wa penseli kwenye kipande cheupe, upake juu yake. Mstari ukiendelea kuonekana baada ya kukauka, huna unene wa kutosha. Lenga nusu milimita baada ya kusugua, maana yake upake zaidi ya hapo. Kwenye fila yenye rangi kali, tabaka mbili au tatu ni kawaida.

*Hadina imezidi.* Hadina nyingi inaelekeza nyeupe kwenye manjano na kuifanya ngumu na ya kuvunjika. Kipimo cha kawaida ni karibu asilimia 2 kwa uzito kwenye nyuzijoto 25. Wakati wa kaskazi, kivulini kukiwa 32, asilimia 1.5 inatosha. Watengenezaji wengi hawapendi ushuke chini ya 1.2 wala uvuke 2.5, kwa hiyo karatasi ya jelikoti yako ndiyo yenye neno la mwisho. Ugumu ni kupima kiasi kidogo. Gramu 25 za jelikoti zinahitaji nusu gramu ya hadina, ambayo ni karibu ml 0.45. Mizani ya jikoni haioni nusu gramu. Bomba la sindano la insulini la ml 1 lina alama 100. Toa sindano, vuta hadi alama ya 45, umepata. Litupe baada ya kazi, kwa sababu hadina huvimbisha mpira wake.

Usichanganye chini ya gramu 20 hata kama kidonda kinahitaji tano. Kwenye kiasi kidogo hivyo, kosa la tone moja la hadina linakuwa kosa kubwa.

*Kopo halikukorogwa.* Pigmenti nzito hukaa chini. Nusu ya juu ya kopo na nusu ya chini zinaweza kuwa nyeupe mbili tofauti. Koroga polepole kwa kijiti bapa ukikwangua kitako, bila kuingiza hewa.

Dalili ya 3: Rangi imekubali katikati, lakini kuna pete

Pete ya giza au ya kijivu pembezoni mara nyingi ni ukingo uliosuguliwa ukawa mwembamba hadi fila ikaanza kuchungulia. Kosa lilianza kwenye fila: ililetwa sawa na uso wa boti, ikakosa nafasi ya jelikoti juu yake. Fila inatakiwa ikae chini ya uso kwa karibu nusu milimita, na ukingo wa kidonda usuguliwe uwe na mteremko mfupi kwenye jelikoti ya zamani. Tiba ni kuchimba tena pete hiyo kwa msasa 120 au kikwangulio, na kupaka upya. Kupaka juu ya pete bila kuchimba kunaihamisha tu.

Ikiwa pete ni nyeupe au angavu kuliko boti, huenda si kiraka. Ni wewe uliyesugua jelikoti ya zamani ukaondoa ngozi iliyozeeka, ukafikia rangi yake ya ujana. Ng'arisha kupita hapo, panua eneo polepole, na tumia kibao kidogo chini ya msasa. Vidole vinachimba mfereji kuzunguka kiraka kigumu.

Halafu kuna pete ya uzi mwembamba mweusi kabisa. Hiyo ni kampaundi iliyonasa kwenye vishimo vidogo vya ukingoni. Isugue kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni. Ikibaki, vishimo ni vya kujazwa, na vinaelezwa kwenye dalili ya 7.

Ukisugua kandokando na ghafla ukaona msokoto wa nyuzi, simama. Umemaliza jelikoti ya zamani, na kila unapoendelea kidonda kinakua.

Dalili ya 4: Kivulini inakubali, juani inakataa

Rangi mbili zilizotengenezwa kwa pigmenti tofauti zinaweza kufanana chini ya taa ya bandani na kuachana zikitoka nje. Kwa hiyo usimalize kulinganisha ndani ya banda la mabati lenye taa za mirija. Angalia kivulini nje, angalia juani asubuhi, na angalia ukiwa umeinama ubavuni mwa boti, kwa sababu tofauti ya mng'ao hujificha ukitazama moja kwa moja. Jua la saa sita mchana linaunguza kila weupe uonekane sawa, usiliamini.

Tiba ni kupunguza idadi ya pigmenti. Kila rangi unayoongeza ni nafasi nyingine ya kuachana. Kiraka kilichopatikana kwa nyeupe na pigmenti mbili kitatulia kuliko kile cha pigmenti tano, hata kama cha tano kilionekana kizuri zaidi bandani.

Dalili ya 5: Kila nikiongeza pigmenti inazidi kuharibika

Hapa ndipo pigmenti yenyewe inapohusika, na sababu ni karibu ileile kila mara: imetiwa moja kwa moja kutoka kwenye kichupa. Pigmenti ya poliesta ina nguvu kuliko watu wanavyodhani. Tone la nyeusi kwenye gramu 50 za nyeupe linakupa kijivu cha meli ya jeshi. Ni kama chumvi kwenye mchuzi, ya kuongeza ipo, ya kupunguza haipo.

Tengeneza rangi ya kati kwanza. Chukua gramu tano za nyeupe, zitie nyeusi kidogo, upate kijivu. Kijivu hicho ndicho utakachochota kwa ncha ya kijiti cha meno. Fanya hivyo kwa manjano pia. Gusa, koroga kwa dakika nzima ukikwangua kuta za kopo, dondosha tone chini ya plastiki, angalia. Michirizi ambayo haijakorogwa vizuri hutokeza baadaye wakati wa kusugua, kama mishipa kwenye kiraka.

Kabla ya kuongeza chochote, jiulize imekosea upande gani: imekolea au imepauka, au imeelekea rangi nyingine? Ikiwa imekolea tu, ongeza nyeupe. Imeelekea kijani, ambayo hutokea sana ukichanganya nyeusi na manjano, gusa nyekundu. Imeelekea waridi, gusa kijani. Manjano imezidi, chembe ya zambarau au buluu itaituliza. Nyeupe inaonekana baridi ya bluu baada ya nyeusi, rudisha manjano ya udongo, au wakati mwingine badilisha nyeusi kwa kahawia. Ukishafanya masahihisho matatu na bado, chukua kopo jipya na gramu 50 mpya. Kopo lililosahihishwa mara nyingi limekufa. Lina kijivu ambacho hakitoki tena, na kulipigania ni kutupa jelikoti nzuri juu ya mbaya.

Pigmenti zote pamoja zisivuke asilimia 10 ya uzito, au kukauka kwenyewe kutaathirika. Na rangi za nyumba, za maji au za mafuta, hazifai hata kwa tone. Maji huzuia jelikoti isikauke, mafuta huifanya iachie.

Buluu iliyokolea, nyekundu, kijani cha chupa na rangi zozote zenye chembe za kung'aa ni kazi nyingine. Jua linazifanya zichujuke vibaya na jicho linaona tofauti ndogo sana. Kwenye ubavu unaoonekana, mpe fundi mwenye bunduki ya kupulizia. Kwenye kona ya ndani ya sitaha, jaribu kwa amani.

Dalili ya 6: Kiraka kinanata

Jelikoti ya kawaida haikauki vizuri ikiguswa na hewa. Kiraka kikinata juu tu na chini ni kigumu, hakuna lililoharibika: futa kwa asetoni kidogo, sugua. Safari ijayo kifunike kwa plastiki angavu iliyobanwa na tepu, au tumia topikoti ambayo tayari ina nta ya parafini. Ukitumia yenye nta, kumbuka kwamba tabaka la pili halitashika kabla ya kusugua la kwanza, kwa kuwa nta imepanda juu.

Kikinata hadi ndani, hadina ilikuwa kidogo, imezeeka, au haikukorogwa. Hakitakauka kwa kusubiri wiki. Kikwangue chote, osha kwa asetoni, anza upya. Kuongeza hadina juu ya kilichopakwa hakusaidii.

Na kama chini yake kuna epoksi, hasa iliyokauka karibuni, jelikoti ya poliesta inaweza kukataa kukauka hapo na kuchubuka baadaye. Fila ya poliesta au ya vinilesta ndiyo inayokwenda na jelikoti.

Kopo nalo: stirini huyeyusha vikombe vya povu, na vikombe vya karatasi vyenye nta huchafua mchanganyiko. Kopo la plastiki lenye alama ya PP kitakoni linafaa.

Dalili ya 7: Vishimo kama vya sindano

Hewa. Ilikorogwa kwa kasi, au ilikauka haraka mno juani. Ukishindwa kuweka kiganja chako juu ya sitaha, sitaha hiyo si ya kupakwa saa hizo. Sugua, panua vishimo kwa ncha ya kisu, vijaze kwa mchanganyiko uleule. Ndiyo maana unabakiza gramu kadhaa za rangi isiyo na hadina kwenye chupa iliyofungwa vizuri.

Iliyobaki na hadina inapata joto kali kadiri inavyokuwa nyingi koponi. Iache nje juu ya mchanga hadi ipoe, mbali na vitambaa vya asetoni.

Dalili ya 8: Ilikubali, miezi baadaye imeachana

Kiraka kikigeuka manjano haraka kuliko boti, yaelekea kilichopakwa hakikuwa jelikoti. Kuna desturi ya kuchukua rezini ya kawaida ya kulazia faiba, kuitia pigmenti nyeupe na kuiuza au kuitumia kama jelikoti. Ni rahisi, na siku ya kwanza huwezi kuijua. Jua linaijua. Uliza dukani jelikoti ya isofthaliki, na ikiwezekana ile ya iso-NPG, ambayo ndiyo inayovumilia jua na maji ya bahari. Hadina iliyozidi nayo huleta manjano, lakini polepole zaidi.

Kiraka kikibaki cheupe na boti ndiyo inayopauka, hakuna kosa. Boti inahitaji kung'arishwa na kupakwa nta, na ukiisugua vitarudi kukaribiana.

Kiraka kikizama kikawa kibonde, kilisuguliwa mapema. Poliesta husinyaa inapoendelea kukomaa. Kiache kimezidi uso kidogo, na usisawazishe siku hiyohiyo ukiwa na nafasi ya kusubiri kesho.

Dalili ya 9: Ufa umerudi palepale

Hapa weka pigmenti kando. Ufa unaorudi kupitia kiraka kizuri unasema faiba iliyo chini inacheza. Nyufa za nyota kwenye sitaha, nyufa zinazotoka kwenye kona za ubao wa nyuma unaobeba mashine, karibu na mkuku, au kuzunguka boliti za nguzo, ziangaliwe na fundi wa faiba kabla ya kufunikwa. Gonga kwa mpini wa bisibisi: mlio mkavu ni mzuri, mlio mzito uliokufa ni tabaka lililoachana au ubao uliooza ndani. Sitaha inayobonyea chini ya kisigino ni hivyohivyo.

Malengelenge chini ya mstari wa maji, yanayotoa majimaji yenye harufu kama siki yakitobolewa, ni maji yaliyoingia kwenye faiba. Hayazibwi moja moja. Shimo lolote lililopenya hadi ndani, na kidonda chochote karibu na tangi la mafuta, ni vya fundi pia.

Ukimwita, usimpe boti mikono mitupu. Mpe kile kipande cha sampuli kilichokauka chenye maandishi nyuma na ile chupa ya rangi isiyo na hadina, na mwoneshe mahali ulipong'arisha. Faiba ataijenga yeye kwa njia yake, lakini rangi haitahitaji kutafutwa tena tangu mwanzo.